Video inayotikisika kama maji: anza na propela

Umeuliza kwa nini video inatikisika kama maji ilhali droni yako imetulia hewani. Ni mtetemo wa kasi unaofika kwenye kamera, kwa kuwa sensa ya kamera, yaani sehemu inayonasa mwanga, husoma picha mstari kwa mstari, na kila mstari hunaswa kamera ikiwa imesogea kidogo. Anza na propela: ipachike kwenye kifaa cha kusawazishia, uone upande gani unashuka. Huo ndio mzito. Bandika kipande chembamba cha selotepu kwenye bawa jepesi, mpaka propela ikae mlalo bila kuzunguka. Yenye ufa, tupa kabisa. Halafu washa mota moja moja bila propela. Yenye shafti (mhimili wake) iliyopinda, utahisi mtetemo wake kwa kidole kwenye mkono wa fremu. Mipira laini inayoshikilia kamera ili kufyonza mtetemo iwe ya mwisho kukaguliwa, na ikiwa migumu mno kwa kamera nyepesi, haizuii kitu.