Kumpeleka mama anayetumia kiti mwendo kwenye ukumbi mdogo wa sinema, Tanga

Ndugu, umeuliza kama inawezekana kumpeleka mama yako kutazama filamu katika ukumbi mdogo wa mtu binafsi hapa Tanga, ilhali kiharusi kilimwacha na udhaifu wa upande wa kushoto, ndani ya nyumba anatembelea fimbo na nje anatumia kiti mwendo. Inawezekana. Mimi natembelea magongo tangu utotoni, na nimekuwa nikimpeleka shangazi yangu, ambaye hali yake inafanana sana na ya mama yako, kwenye maonyesho ya aina hiyo hapa mjini. Nitajibu kwa yale niliyoyashughulikia mwenyewe.

Mpigie mwenye ukumbi siku kadhaa kabla, na umwombe vipimo. Ukimuuliza tu kama mgonjwa anaweza kuingia, atakujibu kwa ukarimu wote kwamba karibuni, vijana wapo, watamnyanyua; jibu hilo halikusaidii kitu. Muulize mlangoni pana ngazi ngapi na kila moja ina kimo gani, mlango ukifunguliwa nafasi ya kupita ni sentimita ngapi, na choo kiko wapi na ni cha namna gani. Kabla ya hapo pima kiti cha mama kwa nje, kutoka pete ya kusukumia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Viti vingi vya watu wazima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70, na mlango wenye nafasi ya sentimita 80 humwezesha mtu kupita bila kuchubua vidole. Nyumba za zamani za Ngamiani na za katikati ya mji mara nyingi zina milango ya vipande viwili, na kwa kawaida hufunguliwa kimoja tu huku kingine kimebanwa kwa komeo juu na chini. Mwombe mwenyeji akifungue hicho cha pili kabla hamjafika, maana komeo lililokaa miaka bila kuguswa huwa limeshika kutu, na hakuna anayependa kungoja barazani huku watu wakimtazama.

Kuhusu ngazi, hesabu inayotumika sana kwa njia ya mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja zinadai mteremko wa mita 3.6. Ubao wa mita 2 unaoegeshwa pale kwa nia njema unakuwa mkali karibu mara mbili ya inavyofaa: unaweza kupandika ikiwa mtu mwenye nguvu anasukuma kwa nyuma, lakini mama asijaribu peke yake, na wakati wa kushuka kiti kitangulize mgongo ili asimwagike mbele.

Pasipokuwa na ubao itabidi kiti kipandishwe ngazi, na hapa ndipo ninapoomba uwe mkali. Vijana wetu wana moyo wa kusaidia, na kabla hujafungua kinywa wanne wameshakamata kila wanachokiona, pamoja na mikono ya kiti na vikanyagio, vitu ambavyo kwenye viti vingi hutengenezwa vichomoke. Watu wawili wanaoelewana wanatosha. Wakati wa kupanda, kiti kigeuzwe mgongo uelekee ngazi, kiinamishwe nyuma kidogo, na kivutwe ngazi moja moja kwa magurudumu makubwa. Mwenye nguvu zaidi akae juu na ashike vishikio vya nyuma, wa chini ashike fremu yenyewe. Wakati wa kushuka mama atazame mbele, kiti kikiwa bado kimeinamishwa nyuma, na mwenye nguvu abaki nyuma yake. Vilevile muulize mama mwenyewe ni nani anaridhia amguse. Shangazi yangu hakutaka kabisa kubebwa na wanaume asiowajua mbele za watu, na alikuwa na haki. Tukawa tunaongozana na binamu zangu wawili, naye akawa anajifunga kanga ya ziada miguuni ili nguo isipeperuke kiti kinapoinama.

Ndani ya ukumbi, udogo unakuwa faida. Viti kwa kawaida havijafungwa sakafuni, hivyo kimoja huondolewa na kiti mwendo kikaingia mahali pake. Usikubali mama ahamishiwe kiti cha plastiki eti apate kukaa vizuri: kwenye sakafu ya vigae kiti hicho huteleza, na mtu mwenye udhaifu wa upande mmoja hukosa pa kujizuia. Abaki kwenye chake, breki zikiwa zimefungwa na mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto mdogo mapajani usiningʼinie kwenye gurudumu. Epuka mstari wa mbele kabisa, kwa sababu kutazama juu kwa saa mbili humchosha shingo. Wapo waliopata kiharusi ambao huacha kuona au kuzingatia vitu vya upande wa kushoto. Ikiwa daktari alikwambia hivyo kuhusu mama, mkalishe upande wa kushoto wa ukumbi, ili pazia la kuonyeshea filamu liwe upande wake wa kulia. Kila baada ya nusu saa hivi mwinamishe mbele kidogo au msaidie kuhamisha uzito, hasa kama hana mto wa kukalia, kwa kuwa ngozi ya makalio haijui kwamba filamu imefika patamu. Awe karibu na njia ya kutokea, lakini kiti kisiizibe. Umeme ukikatika watu husimama wote kwa pamoja gizani, kwa hiyo tochi iwe mkononi mwako tangu mwanzo.

Choo ndicho kitakachoamua mambo. Kumbi nyingi ndogo zina choo cha kuchuchumaa, mara nyingi nje, uani, kukiwa na kizingiti na sakafu yenye maji. Mama yako hawezi kuchuchumaa, na wewe huwezi kumshikilia salama mahali pa namna hiyo. Sisi tulichagua filamu fupi na maonyesho ya alasiri, tukahakikisha anakwenda haja nyumbani dakika ya mwisho, na kwenye bajaji tukabeba kile kiti chepesi chenye tundu na ndoo, endapo mwenyeji angeweza kutupatia chumba kimoja cha faragha. Alikuwa nacho: stoo ya makreti ya soda. Usimnyime maji, kwa joto la Tanga hilo ni hatari, na kama anatumia dawa ya presha inayoongeza mkojo, muulize daktari kama inaweza kusogezwa saa siku hiyo. Isirukwe bila ushauri.

Unaweza pia kumkumbusha mwenyeji, kwa upole, kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 30 inataja filamu waziwazi, na kwamba tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Binafsi sianzi na sheria ninapozungumza na mtu mwenye ukumbi wa viti arobaini anayekata tiketi mwenyewe, maana huyo ukimweleza tatizo jioni hii, kesho anaweza kumwita fundi. Wenye majengo makubwa ndio wa kuwatajia ibara.

Na usije ukaona ni usumbufu wa bure. Mama wa umri huo aliyekulia hapa huenda anazikumbuka kumbi za sinema za Majestic, Novelty na Regal, wakati watu walipokuwa wakivaa vizuri kwenda kutazama filamu za Kihindi, kabla ya mikanda ya video, na kisha televisheni iliyoanza Bara mwaka 1994, kuwarudisha watu sebuleni. Shangazi alikuwa akisimulia njia nzima.

Mwisho, usafiri. Kwa udhaifu wa kushoto, kupanda bajaji ni rahisi kupitia mlango wa kushoto: kiti kikisimama sambamba nayo na kutazama mbele, bajaji inakuwa upande wake wenye nguvu. Kushuka kwa mlango uleule ndiko kuzito, kwa sababu sasa anaelekea upande dhaifu. Mwombe dereva aingie ndani ya ua, asisimame barabarani, ili mama ateremkie kulia bila hofu ya magari. Mpate dereva mwenye subira, mpatane naye kwenda na kurudi, na umlipe nusu tu kabla filamu haijaanza.