Miche Mitano ya Sabuni ya Dawa, na Upele Ukabaki Palepale

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kwa muda wa majuma matatu amekuwa akioga kwa sabuni ya dawa asubuhi na jioni, kwamba katikati ya vidole bado kunamwasha hadi anaamka usiku wa manane, na kwamba mama mkwe wake, ambaye wanaishi naye nyumba moja, ameanza kumshauri kwa sauti ya chini kwamba ajitahidi kidogo katika usafi. Alimalizia kwa kuuliza iwapo ahamie sabuni iliyo kali zaidi. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha nikacheka bila furaha, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe, nikalijibu vibaya, na jibu langu likaninyima usingizi kwa miezi miwili.

Kwangu upele, ugonjwa huu wa ngozi unaoletwa na kidudu, ulianzia kwenye kifundo cha mkono. Vilikuwa vipele vitatu tu, vidogo, nikadhani nimeumwa na mbu na sikuvijali. Mchana nilivisahau kabisa, lakini usiku nilipokwisha kujifunika na mwili kupata joto, muwasho uliamka kana kwamba ulikuwa ukinisubiri, ukatoka mkononi ukaenda kwapani, kiunoni, kuzunguka kitovu, na mahali pengine ambapo mtu mzima hapendi kujikuna mbele za watu. Asubuhi moja nilisimama dirishani nikatanua vidole, na katikati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho nikaona kistari chembamba cha rangi ya kijivu, kimepindapinda kama alama ya penseli iliyochorwa na mkono unaotetemeka, na mwishoni mwake kitone cheusi kisichozidi ncha ya sindano. Nilikitazama kwa muda mrefu bila kujua kwamba nilikuwa nikitazama njia ya mdudu na pengine mdudu mwenyewe.

Nikanunua sabuni. Karatasi yake iliahidi kupambana na upele, ukurutu, chunusi, fangasi na harufu ya mwili, nami leo nikiona ahadi ndefu namna hiyo huingiwa na shaka, lakini wakati ule niliona nimepata tiba ya magonjwa matano kwa mche mmoja. Niliogea sabuni hiyo mara tatu kwa siku. Nilijisugua kwa dodoki hadi ngozi ikawa nyekundu, nikaacha povu linikaukie mwilini hadi ngozi ikanibana, na nilipoona maumivu nilijipongeza, kwa kuwa niliamini kwamba dawa inayochoma ndiyo inayofanya kazi. Mche wa kwanza ukaisha, na wa pili, na wa tatu. Kufikia wa tano ngozi ya mapajani ilikuwa imepasuka, mikunjo ya viwiko ilikuwa ikitoa majimaji, na sasa nilikuwa na miwasho miwili isiyotofautishika: ule wa wadudu, na ule wa ngozi niliyoiunguza kwa mikono yangu. Rafiki akaniazima krimu ya kutuliza muwasho, ambayo baadaye niligundua kwamba ina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho isiyoua wadudu, na kwa siku nne nililala kama mtoto. Siku ya tano vipele vilirudi vikiwa vingi kuliko mwanzo, kwa sababu krimu ya namna hiyo hutuliza ngozi na kuufunika upele usitambulike, huku wadudu wakiendelea kuzaana kwa amani.

Katika siku hizo nilikwenda kumtembelea kaka yangu. Mtoto wake alikuwa amekaa mapajani mwangu, na wifi yangu akaja, akamwinua taratibu, akasema, "Njoo huku, mwache shangazi apone kwanza." Leo ninakiri kwamba alikuwa na haki, kwa maana upele huambukizwa hasa kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, na mtoto aliyepakatwa nusu saa ana nafasi nzuri ya kuupata. Kilichoniuma ni kile alichokifanya baadaye, nilipokuwa nikivaa viatu mlangoni, ambapo nilimsikia akimwambia mtu jikoni kwamba maji ni bure na hakuna sababu ya mtu mzima kuwa mchafu. Mimi, niliyekuwa nikioga mara tatu kwa siku! Sijawahi kumwambia kwamba nilisikia, na huenda akisoma hapa atajitambua.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Alikitazama kistari changu kwa lenzi, akakikwangua kwa wembe uliopakwa mafuta kidogo, akaweka alichokipata chini ya hadubini, kisha akaniita nikatazame. Halafu akaniuliza maswali mawili. La kwanza: nyumbani mnalala wangapi? La pili: hilo povu hukaa mwilini dakika ngapi? Nilijibu la pili kwa majivuno kwamba tano, wakati mwingine kumi. Akatabasamu, akasema kwamba krimu aliyokuwa akiniandikia hukaa mwilini saa 8 hadi 14.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, na hilo ndilo ninalotaka msomaji wangu aondoke nalo kuliko jina la dawa yoyote. Jike la mdudu huyu, ambaye urefu wake haufiki nusu milimita, hachezi juu ya ngozi kama chawa anayeweza kusuuzwa. Hutoboa tabaka la juu la ngozi, hukaa humo ndani, na hutaga mayai mawili au matatu kwa siku, ambayo huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Mtu mwenye upele wa kawaida huwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima, na yale mamia ya vipele ni mwili unavyowakataa wadudu, mayai na vinyesi vyao. Povu linalopita na kusuuzwa halipati muda wa kuwafikia walipo. Kuongeza ukali wa sabuni au mara za kuoga hakuongezi muda huo, bali huongeza vidonda, na vidonda ni milango ya bakteria ambao wakiachwa wanaweza kuleta usaha, na mara nyingine kudhuru hata figo.

Tena sabuni zinazoitwa za dawa hazifanani. Nyingi ni za kuua bakteria, nazo hazimuui mdudu wa upele hata ukioga mara kumi. Ziko zenye salfa, ambazo husaidia kidogo lakini hukausha ngozi. Ipo pia yenye monosulfiramu, ambayo kweli huua wadudu hao, ila dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na ile wanayopewa watu wanaotaka kuacha pombe, kwa hiyo anayeitumia akinywa pombe anaweza kuwaka uso, kutoka jasho na kwenda mbio moyo. Asinywe wakati wa kuitumia wala kwa angalau saa 48 baadaye. Someni kilichomo, si kilichoahidiwa. Mimi sikusoma hata mara moja katika miche mitano.

Ninayoyafanya sasa, na ninayomshauri kila anayeniuliza, ni kuiacha sabuni ibaki na kazi yake ndogo. Mara moja kwa siku inatosha, kwa maji ya uvuguvugu, kwa mkono mtupu bila dodoki, ikisuuzwa yote, isipelekwe machoni, mdomoni, sehemu za siri wala penye kidonda kibichi, na ikianza kuchoma iachwe, itumike sabuni ya kawaida isiyo na manukato. Dawa yenyewe ni ile inayokaa. Kwa watu wengi ni krimu ya permethrini ya asilimia 5, inayopakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni ngozi ikiwa imepoa na kukauka, katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa, kitovuni, kwenye makalio na mikunjo yote, kisha inaoshwa baada ya saa hizo nilizozitaja. Ukinawa mikono katikati, paka tena mikononi. Rudia baada ya siku 7 hadi 14, hata ukijiona umepona, kwa sababu ya mayai yaliyosalia. Wengine huandikiwa losheni ya benzili benzoeti, ambayo huchoma zaidi na kwa watoto huzimuliwa, na wengine vidonge vya ivermektini, ambavyo hawapewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15. Kwa mtoto mchanga na mama mjamzito sitoi ushauri wowote isipokuwa mmoja: waende kwa mhudumu wa afya kwanza, naye ndiye atakayechagua, pengine permethrini, pengine marhamu ya salfa, na ndiye atakayesema kama kichwa cha mtoto nacho kipakwe.

Swali la kwanza la daktari, la tunalala wangapi, sikulipenda, kwa maana nilijua linakoelekea. Anayepata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hadi sita bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wengine, na kwa hiyo wote wanaolala nyumba moja na anayelala kitanda kimoja na mgonjwa hutibiwa siku moja, anayejikuna na asiyejikuna. Siku hiyohiyo shuka, foronya, taulo na nguo zilizovaliwa siku tatu za karibuni hufuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa kwa joto, na kisichofulika hufungwa katika mfuko wa plastiki kwa siku 3 au zaidi, kwani nje ya ngozi mdudu huyu hadumu zaidi ya siku mbili tatu. Hakuna haja ya kuchoma godoro, wala kunyunyiza sumu ya wadudu nyumbani, wala, Mungu apishe mbali, mwilini.

Naomba niseme la uchafu, kwa sababu bado linanikereketa. Tangu mwaka 1687, Mtaliano Giovan Cosimo Bonomo alipoeleza kwamba upele huletwa na kidudu, dunia imekuwa na zaidi ya miaka 300 ya kuacha kuwasuta wagonjwa kwa kutokuoga, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Mdudu huyu hafuati harufu, hufuata ngozi. Tunaposutana, tunafundishana kuficha. Anayeficha huchelewa kutibiwa, naye anayechelewa huwapa wote wanaolala karibu naye. Acheni kuwaaibisha watu, ndugu zangu, na ninyi mnaoaibishwa acheni kujiadhibu kwa dodoki.

Jambo la mwisho nililomwandikia msomaji wangu ni kwamba asitishike akiendelea kuwashwa baada ya kutibiwa, maana muwasho unaweza kudumu majuma mawili hadi manne ilhali wadudu wamekwisha kufa, na hapo ndipo wengi, nikiwamo mimi, hurudia dawa kila siku na kuichoma ngozi upya. Mafuta ya kulainisha ngozi na kidonge cha mzio alichoshauriwa na mfamasia vitamvusha. Lakini vikitokea vistari vipya, au usaha, au homa, au ngozi ikifanya magamba mazito, arudi kwa daktari bila kungoja.

Jana alinijibu. Dawa amepata, shuka zimefuliwa, mume wake amekubali kupakwa, na sasa anauliza, kwa adabu sana, kama ni lazima mama mkwe naye apakwe, maana anasema yeye hana upele. Nimemjibu kwamba ni lazima, usiku uleule, hadi chini ya kucha.