Jibu: DVD ya Marekani inakataa kwenye deki

Salaam ndugu yangu. Umesema filamu ya mapenzi na vichekesho uliyoletewa kutoka Marekani inakataa kwenye deki yako hapo Malindi: inazunguka kidogo, kisha deki inaitema. Diski nyingine zacheza vizuri, kwa hiyo usiifungue deki kwa kudhani lenzi imeingia chumvi ya bahari.

Tazama kwanza nyuma ya kasha. Kuna alama ndogo ya dunia yenye namba ndani, ndiyo namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski ilitengenezewa. Ikiwa ni 1, diski ilitengenezwa kwa soko la Marekani na Kanada. Kenya tuko 5. Namba zisipolingana, deki hukataa hata diski ikiwa mpya kabisa. Kama kasha limeandikwa Blu-ray (aina nyingine ya diski), achana na hayo yote: deki ya DVD haiwezi kuisoma.

Deki nyingi za bei nafuu huweza kuondolewa kizuizi cha kanda kwa rimoti. Toa diski, ingia kwenye mipangilio, bonyeza kodi (namba maalumu) ya modeli yako, kisha chagua 0, yaani kanda zote. Kodi hutofautiana, hivyo soma modeli kwenye kibandiko cha nyuma, usibahatishe.

Kwenye kompyuta, chunga sana: draivu huruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, na ya mwisho ndiyo hubaki. Jaribu kwanza VLC, programu ya kuchezea video. Mara nyingi hucheza bila kugusa kanda.

Picha ikija bila rangi au ikirukaruka, hiyo ni NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, kwenye runinga ya PAL, mfumo wa kwetu. Weka mfumo wa runinga ndani ya deki uwe PAL.