Usimngoje mlezi mmoja akupe yote

Nilipoanza masomo ya uzamivu katika biokemia, kwa miaka miwili nilimtafuta mtu mmoja tu: mwanamke aliyekulia katika hali kama yangu, aliyebobea katika utafiti na mwenye nafasi ya kuniongoza. Sikumpata, na kwa kuwa sikumpata nikaanza kuamini kwamba hata mimi sikustahili kuwa katika maabara ile.

Aliyenifaa kwanza hatukufanana kwa lolote. Makala yangu ya kwanza ilipokataliwa na jarida, profesa mmoja mzee alifungua kabati lake, akatoa barua alizokataliwa yeye mwenyewe, akaketi nami kuzisoma moja baada ya nyingine, huku akinieleza ni hoja zipi za wahakiki zilidai jaribio jipya na zipi zilidai maelezo yaliyo wazi zaidi. Mambo ya namna hii, kama vile kujua wakati wa kuliacha jaribio lisilozaa matunda, hayafundishwi darasani. Hurithishwa kwa kukaa karibu na anayeyajua. Katika maabara ya wanabiokemia Carl na Gerty Cori, walioshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1947, walifanya kazi watafiti sita ambao baadaye nao waliipata tuzo hiyo, na siamini kwamba kilichowafikisha huko ni vipaji peke yake.

Hata hivyo, liko jambo ambalo profesa yule, kwa wema wake wote, hakuweza kunipa. Katika kongamano moja nilimsikiliza mwanamke mwenye lafudhi kama yangu akijibu maswali mazito kwa utulivu, na palipohitajika akasema, "Hilo bado hatulijui," bila kuona haya. Sikuzungumza naye hata neno moja, lakini tangu siku ile niliacha kuomba radhi kabla ya kuuliza swali.

Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasimtwike mtu mmoja mahitaji yao yote. Anayekufundisha kazi na anayekuonyesha kwamba kazi hiyo ni yako pia wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Unapomwendea mtafiti mwenye shughuli nyingi, usimwombe awe mlezi wako. Mwombe dakika 20 apitie nawe ukurasa mmoja wa pendekezo lako la utafiti, kisha urudi umwonyeshe ulivyoyatumia maoni yake. Walezi wangu wote nimewapata kwa njia hiyo.

Nasi tuliotangulia tuna deni. Jocelyn Bell Burnell aligundua pulsa, yaani nyota zinazotoa mawimbi ya redio kwa mapigo ya mpangilio, mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake pamoja na mtafiti mwingine. Bell Burnell alipotuzwa dola milioni 3 mwaka 2018, alizitoa zote zifadhili wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo. Fedha kama hizo sina, ila huketi katika vikao vinavyochagua wazungumzaji wa makongamano, na siku hizi huingia humo nikiwa nimekwisha kuandika majina ya wanafunzi wawili ambao hakuna mwingine angewataja.