Tiba ya muziki: mwache mtoto aanze, wewe mjibu

Mzazi mwenzangu, ikiwa mwanao ana usonji au tatizo jingine la ukuaji wa ubongo na umeshauriwa ujaribu muziki, usikimbilie kutafuta nyimbo za kumwekea. Kusikiliza nyimbo kuna raha yake, lakini tiba ya muziki ni kitu kingine. Ni mazungumzo ya watu wawili yasiyohitaji maneno. Binti yangu ana usonji, na alipoanza vipindi alikuwa hajasema neno hata moja, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwake.

Alikuwa na kawaida ya kugonga ukingo wa meza kwa kucha. Wengi wetu tungemzuia. Mtaalamu alichukua ngoma ndogo akayapiga mapigo yaleyale, kwa kasi ileile, taratibu. Mtoto akaongeza kasi, naye akaongeza. Mtoto akaacha, naye akaacha, mikono juu ya magoti. Pakapita kimya kirefu. Halafu binti yangu akagonga mara moja tu, akageuka kumtazama usoni, akingoja kujibiwa. Mtoto ambaye ukimwita jina hageuki ndiye sasa anayemwita mtu!

Njia hii ya kumfuata mtoto kwa muziki unaobuniwa palepale si ya jana. Paul Nordoff, mtunzi wa muziki kutoka Marekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa elimu maalumu, walianza kuifanyia kazi pamoja nchini Uingereza mwaka 1959.

Nyumbani huhitaji ala yoyote. Chagua wimbo mmoja mfupi ambao mtoto anaupenda, uimbe kila siku kwa namna ileile hadi auzoee kabisa. Kisha siku moja kata kabla ya neno la mwisho, umtazame, unyamaze. Hapo ndipo penye kazi, na ndipo wazazi wengi tunaposhindwa kuvumilia. Usimwambie “sema, sema”. Usimalizie mwenyewe haraka. Watoto wetu wengi huchukua muda kupanga jibu, na ukimharakisha unamrudisha mwanzo. Akitoa mguno, akikugusa mkono, akikutupia jicho, hilo ni jibu kamili: malizia wimbo kwa furaha. Neno likija, litakuja kwa wakati wake.

Nyimbo fupi za shughuli nazo zinasaidia sana: wimbo mmoja wa kuvaa viatu, mwingine wa kwenda kulala, usiobadilika. Mtoto anayevurugika kila anapotolewa kwenye jambo moja kwenda jingine hupata kujua kinachofuata kabla hakijamfikia.

Kwa mtoto asiyetulia, anza na kasi yake. Anaruka? Piga mdundo wa kuruka, kisha upunguze kidogo kidogo. Ukimwanzia na wimbo wa kubembeleza wakati mwili wake unakimbia, hatakusikia. Na akiziba masikio, acha mara moja. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na sauti ambazo kwetu ni za kawaida, wala hiyo si deko.

Sasa niseme jambo ambalo wauza matumaini hawalisemi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 wa miaka 4 hadi 7 katika nchi 9, haukuona kwamba tiba hii ilipunguza ukali wa dalili za usonji katika mawasiliano ya kijamii baada ya miezi 5. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 26, yalikuwa na habari njema zaidi: huenda tiba hii inaleta nafuu ya jumla na kuboresha maisha ya mtoto, ila hayakupata ushahidi wa wazi kwamba inaongeza uwezo wa kuongea. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba muziki utaponya usonji, au kwamba mtoto ataongea baada ya vipindi kadhaa, usimpe pesa zako. Wala usimwachishe mtoto kwa mtaalamu wa lugha na matamshi. Hivi viwili vinakwenda pamoja.

Ukimtafuta mtaalamu, uliza kama amesomea tiba ya muziki yenyewe, kwa sababu mwalimu mzuri wa piano anaweza asijue lolote kuhusu hili. Muulize analenga nini kwa mwanao na atajuaje kwamba kuna maendeleo. Omba kukaa ndani ya chumba. Mimi nilijifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa maelezo yoyote.

Ndugu za mtoto wakitaka kushiriki, waruhusu, ila mmoja mmoja. Ngoma mbili zikilia pamoja mtoto hajui amjibu nani, na mara nyingi atachagua kuondoka.