Timu huhama, uwanja haubanduki: jibu kwa kijana wa Dallas

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Bukavu anayeishi Dallas. Ameandika hivi: "Kaka, nimesoma yote uliyoandika kuhusu futiboli ya Kimarekani. Na mimi nataka niandike historia yake kwa Kiswahili. Nianzie wapi?" Niliusoma ndani ya basi saa 12 asubuhi, natoka zamu ya usiku ghalani, na machozi yakanilengalenga. Miaka michache iliyopita hakuna aliyeniuliza aanzie wapi. Watu walikuwa wananiuliza kwa nini najihangaisha.

Namjibu hapa ili na wengine mlioniandikia kabla yake mpate jibu. Najua nyote mnataka kile nilichokitaka mimi: usimame mbele ya Wamarekani wenyewe, uwasimulie mchezo wao, na wanyamaze wakusikilize.

Kwanza nikueleze nilivyoaibika. Niliwahi kualikwa kwenye kipindi cha redio hapa Houston, dakika 10 tu, mada ikiwa ligi zilizoshindana na NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Nilijiandaa wiki 2 nzima, nikasoma hadi usingizi ukawa adui. Mtangazaji akaniuliza kuhusu Dallas Texans. Nikasema ni timu iliyofilisika ndani ya msimu mmoja, na mwaka uliofuata wachezaji wake wakapelekwa Baltimore. Akacheka hewani. Akasema, "Ndugu yetu bado mgeni. Dallas Texans walichukua ubingwa!" Nikanyamaza. Niliyosema baada ya hapo siyakumbuki.

Kinachouma hadi leo ni kwamba sikuwa nimekosea. Na yeye hakuwa amekosea. Nikutajie Texans wa aina 4. Wa kwanza walicheza NFL mwaka 1952, wakashinda mchezo mmoja na kupoteza 11. Fedha ziliwaishia wenye timu kabla msimu haujaisha, ligi ikaibeba, hata ushindi wao wa pekee waliupata Akron, Ohio, dhidi ya Chicago Bears, Siku ya Shukrani. Wa pili ni wa Lamar Hunt, walioanza 1960 katika AFL, ligi mpya iliyoshindana na NFL, na kuwa mabingwa 1962. Wa tatu ni Houston Texans wa World Football League, mwaka 1974, waliohamia Shreveport, Louisiana, katikati ya msimu wao wa kwanza. Wa nne ni hawa wa leo wa Houston, walioingia NFL 2002. Mimi niliongea ya wa kwanza, mtangazaji alikuwa na wa pili kichwani. Lakini aliyeshika maikrofoni ndiye aliyecheka.

Sisi tuliokulia kwingine hapa ndipo tunapokwama. Mimi ni mtu wa Tanga. Coastal Union, timu yetu ya soka, ikishuka daraja inashuka ikiwa Tanga, ikipanda inapanda ikiwa Tanga, na uwanja wetu wa Mkwakwani ni Mkwakwani. Hatujazoea tajiri aamke siku moja aipakie timu kwenye lori. Huku timu ni mali ya mtu, na lori si mfano tu: Machi 1984 timu ya Colts iliondoka Baltimore usiku, mizigo yao kwenye magari ya kuhamisha vyombo, watu walipoamka timu iko njiani kwenda Indianapolis. Oilers wa Houston waliondoka baada ya msimu wa 1996 kwenda Tennessee, na 1999 wakaanza kuitwa Titans. Na Titans wengine walikuwepo New York tangu 1960, wale ambao 1963 waligeuka Jets. Ukifuata majina, mdogo wangu, utapotea kama nilivyopotea mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na uwanja. Chagua uwanja mmoja unaoweza kuufikia kwa basi, kisha uulize nani alicheza hapo, mwaka gani, chini ya ligi gani, na nani alikaa wapi kutazama.

Wangu uliitwa Jeppesen. Usiutafute, ulibomolewa 2012, na chuo kikuu cha Houston kikajenga uwanja mpya mahali pale pale, ukafunguliwa 2014. Jumapili moja baada ya ile aibu ya redio nilikwenda nikasimama nje ya uzio. Nilikuwa na hasira, sikujua natafuta nini. Kuanzia siku hiyo nikawa naingia maktaba ya umma kila siku ya mapumziko na kusoma magazeti ya zamani ya jiji hili. Miezi ile sina la kuisimulia, ni kusoma tu.

Nilichokipata ni hiki. Tarehe 23 Desemba 1962, Jeppesen, fainali ya AFL. Oilers wa Houston walikuwa wametwaa ubingwa miaka yote 2 ya kwanza ya ligi ile, 1960 na 1961. Waliokuja kuwavua ni Dallas Texans wa Hunt. Zaidi ya watu 37,000 walikuwa uwanjani. Hadi mapumziko Texans walikuwa mbele 17 kwa 0. Oilers wakarudi wakasawazisha, 17 kwa 17, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, ambako anayepata pointi kwanza ndiye bingwa.

Upepo ulikuwa mkali. Kocha wa Texans, Hank Stram, akamwambia nahodha wake Abner Haynes kwamba wakishinda kura ya shilingi waache mpira, wachague upande, yaani wapige kuelekea kwenye ile saa kubwa ya uwanjani, upepo uwe mgongoni mwao. Haynes akashinda kura. Akasema watapiga kuelekea kwenye saa. Kosa likawa hapo: aliyeshinda kura huchagua kitu kimoja tu, mpira au upande. Alipotanguliza neno la kupiga, uchaguzi wake ukawa umekwisha. Oilers wakachukua mpira na upepo pia. Maneno yalikuwa sahihi, yametoka kwa mpangilio usiofaa, mbele ya kamera za televisheni na nchi nzima.

Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini nikatoka nje. Nilimwona Haynes kama ndugu yangu. Huyu hakuwa mchezaji wa hivi hivi. Alikuwa mmoja wa weusi 2 wa kwanza kucheza futiboli chuoni North Texas, mwaka 1956, na msimu wa kwanza wa AFL ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa ligi. Siku hiyo ya fainali tachidauni zote 2 za timu yake, yaani kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, alizifunga yeye. Na timu yake haikufungwa. Walizuia wee, mpaka muda wa nyongeza wa pili, Tommy Brooker akapiga teke la yadi 25 likapita katikati ya nguzo: 20 kwa 17. Dakika 77 na sekunde 54 za mchezo. Haukuwahi kuwepo mrefu kama huo katika futiboli ya kulipwa hadi siku hiyo.

Halafu, mabingwa hao, mwaka uliofuata Hunt akawahamishia Kansas City, kwa sababu Dallas haikuweza kulisha timu 2, wao na Cowboys wa NFL. Wakawa Chiefs. Ndiyo hao mliowaona mara nyingi kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na kuwashangilia bila kujua walizaliwa Texas.

Uwanja huo huo ukanifikisha Januari 1965. Mchezo wa nyota wa AFL ulipangwa New Orleans. Wachezaji weusi walipofika, teksi zikakataa kuwabeba, milango ya klabu ikafungwa mbele yao. Wakakaa kikao hotelini, akina Cookie Gilchrist, Ernie Ladd na Abner Haynes huyu huyu, wakaamua hawachezi katika mji ule. Ligi ikauhamisha mchezo. Ukachezwa tarehe 16 Januari, Jeppesen, Houston. Na usidhani Houston palikuwa peponi, maana katika uwanja huo huo mashabiki weusi walikuwa wametengewa viti vyao. Mambo hayo nisingeyaunganisha kama ningefuata jina la timu.

Utaniuliza, na viwanja vya mbali? Jibu ni lile lile. NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja kuanzia 1934 hadi 1945. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles ikitaka kucheza uwanja wa Coliseum. Coliseum ni mali ya umma, na waandishi wa magazeti ya weusi wakasimama kidete wakasema uwanja wa umma hauwezi kukodishwa kwa timu inayobagua. Rams wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Mwaka huo huo ligi pinzani, All-America Football Conference, ilianza, na Cleveland Browns wa Paul Brown wakawachukua Marion Motley na Bill Willis. Browns walitwaa ubingwa wa ligi hiyo miaka yote 4 iliyoishi. Uwanja tena, unaona?

La pili, usizidharau ligi zilizokufa. USFL ilicheza misimu 3, 1983 hadi 1985. Jim Kelly, mrusha pasi maarufu, alichezea Houston Gamblers ndani ya Astrodome, jengo ambalo bado limesimama, tupu, pembeni ya uwanja wa Texans wa leo. Ligi ile iliishtaki NFL, na 1986 baraza la wazee wa mahakama likakubali kwamba NFL imefanya ukiritimba, kisha likaipa USFL fidia ya dola 1. Sheria inazidisha mara 3, zikawa dola 3. Nikisoma habari kama hiyo nakasirika kana kwamba ni pesa yangu.

Na hapa niseme wazi, maana nimechoka. Wengi wenu mnataka kuitwa wachambuzi kwa video za sekunde 30. Mnatafsiri vichwa vya habari, mnaweka picha, mnangoja sifa. Kaa maktaba. Kuna Mkenya, Daniel Adongo, alitoka kwenye raga, hakuwahi kucheza futiboli chuoni, na 2013 Indianapolis Colts wakamsajili, akacheza. Nani kati yenu amekaa akaiandika habari hiyo kwa Kiswahili kwa kirefu? Tunalalamika hatusikilizwi, na tuna vitu vya kusema tumevikalia.

Mwezi uliopita maktaba ile ile niliyokuwa nasomea iliniomba nizungumze juu ya AFL. Walikuja watu 40 na zaidi. Yule mtangazaji nilimpelekea mwaliko, hakuja. Nilisimulia fainali ya 1962 bila karatasi. Nilipofika kwenye kura ya shilingi, mzee mmoja mweusi, safu ya tatu, akasimama. Alikuwepo siku ile, mtoto, na baba yake. Hakunisahihisha kitu. Alinyoosha mkono kuelekea ukuta wa maktaba akasema, "Saa ilikuwa upande ule." Ukumbi wote ukageuka kutazama ukuta.

Sasa wewe mdogo wangu. Uwanja wako ni Cotton Bowl. Texans wa 1952 walicheza hapo. Kuanzia 1960 hadi 1962 Texans wa Hunt na Cowboys walikuwa wakiugombania, ligi 2 zenye uadui, nyasi moja. Panda treni ya DART, mstari wa kijani, ushuke Fair Park. Zunguka uzio mara 2 kabla hujaandika chochote. Ukirudi nyumbani niandikie, na uniambie upepo ulikuwa unavuma kutoka upande gani.