Simu za ofisi Tanga na Bagamoyo: SIP, IAX2 au E1?

Ukichagua njia ya kuunganisha simu za ofisi, SS7 iondoe kwenye hesabu. Ni itifaki ya mitambo ya makampuni ya simu yenyewe kwa yenyewe. Wakala wa forodha pale bandarini Tanga haigusi. Kwa mteja, mtandao wa kawaida wa simu maana yake ni waya wa shaba au E1 ya ISDN, yaani laini ya kidijitali inayobeba simu 30 kwa pamoja huku chaneli ya 16 ikibaki ya ishara. E1 ni imara, ila usiilipie kama simu zako za wakati mmoja hazifiki hata kumi.

Wengi wachukue SIP, itifaki ya kupiga simu kupitia intaneti. Ujumbe wake ni maandishi yanayosomeka, hivyo hitilafu unaiona kwa macho. Ila SIP hupanga simu tu, kwa poti 5060. Sauti hupita kwingine, kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti yenyewe, na poti zake hubadilika kila simu. Hapo ndipo ruta huharibu kazi. Simu ikipokelewa kisha upande mmoja hausikii, mara nyingi anwani ya ndani, mfano 192.168.1.20, imeingia kwenye ujumbe na sauti inatumwa isikofika. Ikikatika kila mara sekunde 32 baada ya kupokelewa, ACK, yaani ujumbe wa kuthibitisha kwamba simu imepokelewa, haifiki. Kwa yote mawili, anza kwa kuzima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP. Kisha iandikie seva ya simu anwani yake ya umma na ufungue poti za RTP. Asterisk, programu ya seva ya simu, kwa kawaida hutumia UDP 10000 hadi 20000.

Una matawi mawili, tuseme Ngamiani mjini Tanga na Bagamoyo, yote yana Asterisk? Yaunganishe kwa IAX2, itifaki ya Asterisk yenyewe. Ishara na sauti hupita poti moja tu, UDP 4569, na nusu ya maumivu ya NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa ya umma, inaisha.

Pima spidi ya kupakia, si ya kupakua tu, kwani kila namna ya kusimba sauti ina ulaji wake: G.711 hula takriban kbps 87 kila upande kwa simu moja, G.729 takriban 31.

Waya wa shaba hupata umeme wake kutoka kituo cha simu. SIP hufa pamoja na ruta, kwa hiyo ruta, swichi na seva vyote viwe kwenye UPS. Faksi nayo iachie shaba, au hakikisha mtoa huduma anakubali T.38, itifaki ya kutuma faksi kwa intaneti.

Poti 5060 usiiache wazi kwa dunia nzima. Iruhusu kwa anwani za mtoa huduma pekee, na funga simu za nje ya nchi usizozihitaji, kwani wezi hujaribu nywila usiku kucha na bili inakuja kwako.